SOMO LA NCHI YETU: KUWAFUNDISHA WATOTO WA RUFIJI NA KIBITI

Leo twapenda kusema nanyi juu ya somo moja ambalo wengi hulihesabu kuwa jepesi, nalo ni somo la nchi. Mtoto akiisha kutaja majina ya mikoa na maziwa kwa moyo, twamsifu kwamba amejua jiografia. Lakini mwulize mtoto huyo maji yapitayo karibu na shamba la baba yake yatoka wapi, na kwa nini miaka mingine huja mengi na miaka mingine huja machache. Mara nyingi atanyamaza. Basi huyo amejua orodha ya majina, nchi hajaijua.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Rufiji na Kibiti. Nchi yao imejengwa na mto, nayo hubadilika kila mwaka mbele ya macho yao. Watoto walioko darasani leo ndio watakaoamua kesho kama mikoko itabaki au itakwisha, na kama mashamba ya bondeni yatalimwa kwa akili au kwa kubahatisha. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo tumepanga hapa masomo machache ambayo mwalimu aweza kuyafundisha bila vitabu vingi, akifuata kanuni ya zamani: anza na kilicho karibu, kisha uende mbali.

1. TUANZE UWANJANI

Somo la kwanza lifanyike nje. Watoto wasimame uwanjani asubuhi, jua lichomozapo, waonyeshwe mashariki. Huko mashariki ni Bahari ya Hindi, na mbele ya delta, kwa umbali wa kilomita 20 hivi mahali palipo karibu, ni kisiwa cha Mafia. Mtu atakaye kwenda Mafia hupanda chombo Nyamisati akashuka Kilindoni. Magharibi ni bara, huko mto utokako. Kaskazini ni Mkuranga na Dar es Salaam. Kusini ni Kilwa, kisha Lindi na Mtwara. Tena mwalimu aseme kwamba barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda kusini hupita Kibiti na Ikwiriri, kisha huuvuka mto Rufiji pale Ndundu kwa daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu na magari walivuka kwa pantoni, na wakati wa masika safari ya kusini ilikuwa taabu kubwa. Wazee wangali wanayakumbuka mambo hayo. Mmoja wao aalikwe shuleni ayasimulie.

Baada ya hayo watoto wachore ramani mchangani kwa kijiti: shule, msikiti au kanisa, kisima, njia, kijito. Ikiisha ramani ya kijiji, ichorwe ya wilaya. Wafahamu kwamba Kibiti ilikuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Rufiji, ambayo makao yake makuu ni Utete, na kwamba sasa ni wilaya mbali. Zote mbili zimo katika Mkoa wa Pwani, ambao makao yake makuu ni Kibaha. Mwisho ichorwe nchi nzima: Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 945,000 hivi, na watu 61,741,120 kwa hesabu ya mwaka 2022. Nchi nane zimepakana nayo: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Mtoto aliyeanza na kisima cha kwao hatasahau upesi mahali Kongo ilipo, maana amefika huko hatua kwa hatua.

2. MTO NA WATOTO WAKE

Mto Rufiji ni kama mzee mwenye jamaa kubwa. Mito ya Kilombero na Luwegu hukutana penye maporomoko ya Shuguli, na kutoka hapo ndipo jina la Rufiji huanza. Kisha huingia mto wa tatu, Ruaha Mkuu, utokao nyanda za juu za kusini na kupita Usangu na Mtera. Nchi yote ambayo maji yake hushuka katika mto huu ni karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Basi mvua inyeshayo Njombe, au Iringa, au Mbeya, yaweza kufika Kibiti baada ya siku nyingi. Hapa mwalimu asimame kidogo, awaache watoto waifikiri habari hiyo: mkulima wa Usangu asiyewajua kabisa hunywa nao maji ya mto mmoja.

Ili jambo hili lionekane kwa macho, fanyeni mlima wa udongo uwanjani, mkatie mifereji mitatu inayokutana, kisha mmwage maji kwa debe polepole. Watoto wataona maji yakichukua udongo juu na kuuweka chini, mahali penye uwanda. Wataona tena kwamba mfereji ukijaa mchanga, maji huacha njia yake na kutafuta nyingine. Hivyo ndivyo delta ilivyojengwa. Matope ya bara yamelundikwa baharini miaka elfu na elfu, na mto umegawanyika vijito vingi. Wala kazi hiyo haijakwisha. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji imegeukia vijito vya kaskazini. Upande wa kusini maji ya chumvi yakapanda mahali palipokuwa na maji matamu, na mashamba ya mpunga yakaharibika. Upande wa kaskazini maji matamu yakaongezeka, watu wakafuata kilimo huko. Mtoto akiisha kuona mchezo wa udongo na debe, ataelewa kwa nini babu yake alihama.

Asahau mwalimu mambo mengine yote, lakini hili asilisahau: mafuriko si adui peke yake. Kwa muda mrefu watu wa bondeni waliishi kwa mafuriko. Mpunga ulipandwa kabla ya maji kuja, na maji yalipopungua, ardhi yenye rutuba mpya na unyevu ilipandwa mahindi, kunde na maboga, bila kungoja mvua. Kilimo hicho chaitwa mlau. Wakulima walijenga madungu juu ya nguzo, wakakaa humo kulinda mpunga na ndege na wanyama, hata maji yakiwa chini yao. Mwaka 1968 na 1969 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, ili wasidhuriwe na mafuriko na wapate shule na zahanati. Shule zikapatikana, lakini mashamba yalibaki kule kule bondeni, na mpaka leo watu hushuka kulima na kupanda kurudi nyumbani. Watoto waulizwe: faida ilikuwa nini, na gharama ilikuwa nini? Majibu yatapatikana majumbani mwao.

3. BAHARI NA MIKOKO

Watoto wa pwani huyajua maji kujaa na kupwa kabla hawajajua kusoma. Mwalimu asiwafundishe kana kwamba hawajui kitu. Awaulize, kisha aongeze sababu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa hapo jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja; katikati ya siku hizo ni maji mafu. Kwa nguvu hiyo ya bahari maji ya chumvi huingia vijitoni mara mbili kila siku, yakakutana na maji matamu ya mto. Mahali pa kukutana hapo ndipo mikoko inapoota.

Mikoko ya delta ya Rufiji ndiyo msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya nchi yetu. Hesabu ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilionyesha hektari zipatazo 53,000, nayo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mtu wa mbali huiita yote kwa jina moja, lakini mtoto wa Salale au Nyamisati asikubali kufanya hivyo. Kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya kaa. Kuna msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi. Kila mti una mahali pake: mlilana husimama mbele kabisa, baharini, msikundazi hukaa nyuma, penye maji matamu. Na kila mti una kazi yake. Mkoko, msinzi na mkandaa hutoa boriti na fito; mlilana hutoa mataruma ya vyombo; msikundazi hutoa milingoti; maganda ya mkoko hutoa rangi nyekundu ya kutengenezea ngozi.

Zamani majahazi ya Waarabu wa Omani na Kuwait yalikuja na upepo wa kaskazi, yakapakia boriti za Rufiji, yakarudi kwao na kusi. Nchi zile hazina miti mirefu, basi nyumba zao ziliezekwa kwa miti ya kwetu. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi urefu fulani, upana wa vyumba vyao ulipimwa kwa urefu wa boriti. Hili ni somo zuri la jiografia: mti ulioota katika tope la Rufiji uliamua ukubwa wa sebule ya mtu wa Kuwait.

Tena mti mmoja una kazi isiyoonekana sokoni. Mizizi ya mikoko hushika tope lisichukuliwe na bahari, na humo kamba na samaki wadogo hujificha na kukua kabla ya kutoka. Maji ya mbele ya delta ndiyo mavuo makubwa ya kamba katika nchi yetu. Anayekata mikoko yote ya kijito kimoja amekata miti, na pamoja nayo amekata chakula cha mvuvi asiyemjua. Kwa sababu hizi delta, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, iliandikwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima, chini ya mapatano ya Ramsar.

4. KWA NINI RAMANI NI SILAHA

Wavulana hupenda habari za vita, basi mwalimu azitumie. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, manowari ya Wadachi iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Unguja, tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha ndani ya vijito vya Rufiji. Waingereza waliiona, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia, kwa kuwa zilizama chini mno na vijito vina maji machache. Walingoja miezi mingi. Mwisho walileta manowari mbili za maji machache, Severn na Mersey, na eropleni zilizoruka kutoka Mafia ili kuwaonyesha wapiga mizinga mahali pa kulenga. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliharibiwa. Wadachi wakaitoa mizinga yake mtoni, wakaendelea kupigana nayo nchi kavu.

Watoto wafahamu maana yake: meli ile ililindwa miezi kumi na tope, mikoko na maji machache. Aliyekijua kina cha kijito alikuwa na nguvu kuliko mwenye mizinga mikubwa.

Wala wasidhani kwamba historia ya nchi hii ni ya wageni wakipigana wao kwa wao. Mwaka 1905 vita ya Majimaji ilianza katika vilima vya Matumbi, kusini ya Rufiji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa na kuwaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa na Wadachi Mohoro, mwezi wa Agosti mwaka ule. Mtoto wa Rufiji aweza kufika Mohoro; basi asiisome habari hii kama kisa cha nchi ya mbali.

5. BENDERA NA NEMBO

Alama za nchi hufundishwa mara nyingi kama shairi la kukariri. Sisi twashauri zifundishwe kama barua ya kusomwa. Wakati wa utawala wa Kiingereza, bendera ya Tanganyika ilikuwa na kichwa cha twiga. Leo twiga angali mnyama wa taifa. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilikuwa na rangi za kijani, nyeusi na dhahabu. Baada ya Muungano na Zanzibar, tarehe 26 Aprili 1964, rangi ya buluu ya bendera ya Zanzibar iliingizwa, ndipo ikapatikana bendera tuliyo nayo.

Kijani ni mimea na ardhi ya kilimo; kwetu ni mpunga, minazi, mikorosho na mikoko. Nyeusi ni watu wenyewe. Buluu ni bahari, maziwa na mito. Hakuna wilaya nyingi ziwezazo kuonyesha rangi hiyo kama Kibiti. Manjano ya dhahabu ni madini. Hapa watoto watasema, “Sisi hatuna dhahabu.” Mwalimu awajibu kwamba mali ya chini ya ardhi si dhahabu tu: gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 huko Kilwa, imepita katika nchi yao kwa bomba tangu mwaka 2004, ikienda Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme.

Kisha waitazame Nembo ya Taifa. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, wameshika pembe za ndovu, na miguuni pao kuna karafuu na pamba. Katikati ni ngao yenye mwenge, bendera, mkuki, jembe na shoka, na chini yake mawimbi ya maji. Maneno yake ni “Uhuru na Umoja.” Kila kitu hapo ni swali. Zile pembe, je? Katika pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ndovu walihesabiwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki 13,000 hivi, kwa sababu ya ujangili. Na jembe na shoka, je? Ni alama za kazi, na kazi ni heshima. Lakini shoka lile lile hufyeka mikoko, na jembe lile lile huifuata. Alama haimwambii mtu atumie shoka wapi. Hilo ni kazi ya elimu.

6. MALI HAINA BUDI KUHESABIWA

Sasa twafika penye jambo zito. Watoto wakiulizwa mali ya nchi yao ni nini, watataja kamba, boriti, korosho, ufuta, mpunga, mbuga na umeme. Vema. Swali la pili ndilo kubwa: mali ipi huongezeka ikitunzwa, na ipi hupungua kwa kutumiwa?

Chukueni mfano wa mpunga na mikoko. Katika delta ya kaskazini watu wamefyeka mikoko na kupanda mpunga. Miaka michache ya kwanza mavuno huwa mazuri. Kisha magugu huzidi na kaa hula miche, na mkulima husogea mbele kufyeka tena. Kwa sheria mikoko ni hifadhi ya Serikali, wala haikatwi bila kibali. Kwa hiyo pamekuwa na ugomvi wa miaka mingi kati ya wakulima na walinzi wa misitu. Mkulima asema, “Watoto wangu watakula nini?” Mlinzi asema, “Watoto wako watavua nini?” Wote wawili wanena kweli. Bandu bandu huisha gogo. Lakini tumbo nalo halingoji. Mwalimu asilitoe jawabu kwa haraka. Awagawe watoto makundi mawili, kila kundi litetee upande mmoja, kisha wabadilishane. Kijiji kitakachopata wazee waliozoezwa hivyo utotoni kitapatana kwa maneno.

Mfano wa pili ni bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika korongo la Rufiji kuanzia mwaka 2019. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Mitambo yake ni 9, kila mmoja wa megawati 235; watoto wazidishe wenyewe, watapata 2,115. Hiyo ni nguvu kubwa kwa taifa zima. Lakini bwawa hushika maji, na pamoja na maji hushika udongo. Udongo usiposhuka, rutuba ya bondeni hupungua, na tope linalojenga delta hupungua pia. Basi wakulima wa mlau, wavuvi na walinzi wa mikoko wana haki ya kuuliza maji yatafunguliwa lini na kiasi gani.

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na watoto wengi waliyaona. Wataulizana kama maji yale yalitoka mawinguni au bwawani. Mwalimu asilikimbie swali hilo. Achukue sufuria yenye tundu ubavuni, aimwagie maji: kwanza itayashika, lakini ikijaa, yatakayoingia yatatoka. Tena mvua inyeshayo chini ya bwawa haizuiliwi nalo hata kidogo. Bwawa laweza kupunguza mafuriko, haliwezi kuyafuta. Mtu ajuaye hayo hatajenga nyumba mkondoni kwa kutumaini bwawa, wala hataamini kila uvumi.

7. MASWALI YA KUULIZA WATOTO

1. Mvua ikinyesha Iringa, yaweza kufika Kibiti kwa njia gani? Taja mito.
2. Taja aina tano za miti ya mikoko, na kazi ya kila mmoja. Waulize babu na bibi.
3. Kwa nini meli kubwa hazikuweza kuifuata Königsberg vijitoni?
4. Kila rangi ya bendera, onyesha kitu chake kimoja kijijini kwenu.
5. Mlau ni nini? Nani kwenu aliwahi kulima mlau, na alipanda nini?
6. Ungekuwa mwenyekiti wa kijiji cha delta, ungeamua nini juu ya mpunga na mikoko? Toa sababu mbili.

Twawasihi wazazi wasiseme kwamba haya ni ya shule tu. Mkono mmoja haulei mwana. Mvuvi amwonyeshe mwanawe mkondo na kina. Mkulima amwonyeshe udongo wa mafuriko na udongo wa juu. Bibi amtajie miti. Na wakubwa wa vijiji, watakapoitisha mkutano wa msitu au wa maji, wawaruhusu watoto wakubwa wakae nyuma wasikilize, maana huko ndiko watakakoona kwamba ramani waliyoichora mchangani ni nchi yao kweli, na kwamba siku moja wao ndio watakaoulizwa.